Uchaguzi wa SSD za Seva: Uhai wa Kuandika na Kukatika kwa Umeme

UTANGULIZI

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zama hizi daftari la hospitali, la benki, la bohari na la ofisi ya mitihani limehamia ndani ya kompyuta. Kompyuta inayotunza daftari la watu wengi na kuwahudumia wote usiku na mchana huitwa seva. Mgonjwa apewapo dawa, au mtu atumapo fedha kwa simu, ni seva inayopokea habari hiyo, kuiandika, kisha kujibu kwamba imeandikwa. Jibu hilo lina uzito mkubwa, kwa sababu baada ya kulipata hakuna mtu atakayeiandika habari ile mara ya pili.

Kwa miaka mingi habari za seva zilitunzwa katika diski za kuzunguka. Diski ya kwanza ya namna hiyo kuuzwa ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956 katika mashine iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha sentimita 61 hivi, nazo zote kwa pamoja zilitunza herufi zipatazo milioni 5 tu. Leo, katika seva nyingi, kazi hiyo hufanywa na kifaa kisicho na sehemu yoyote inayozunguka, ambacho mafundi na wauzaji hukiita kwa herufi tatu: SSD.

Wanunuzi wengi huchagua SSD kwa kutazama mambo mawili yaliyoandikwa kwenye kasha lake, yaani ukubwa na kasi. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kwa seva mambo hayo mawili hayatoshi. Yapo maswali matatu mazito zaidi: je, diski itaandikwa mara ngapi kabla ya kuchakaa? Umeme ukikatika ghafla, habari zilizokuwa njiani zitapatwa na nini? Na siku diski itakapokufa, itakufa peke yake au pamoja na wenzake?

JINSI SSD INAVYOTUNZA HABARI

Kiini cha SSD ni kumbukumbu ya flashi. Msingi wake ni transista yenye lango linaloelea, iliyobuniwa na Dawon Kahng na Simon Sze katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1967. Kumbukumbu ya flashi yenyewe ilibuniwa na Fujio Masuoka, mhandisi wa kampuni ya Toshiba ya Japani, aliyeitangaza mwaka 1984. Na mwaka 1987 yeye na wenzake wakatangaza aina yake iitwayo NAND, ambayo ndiyo itumikayo katika SSD.

Ndani ya transista hiyo imo sehemu ndogo iliyozungukwa pande zote na kihami. Volti kubwa inapowekwa, elektroni hupenya kihami na kunaswa humo. Volti inapoondolewa, elektroni hubaki zimefungwa, hata kama kifaa hakina umeme. Kiasi cha chaji iliyonaswa ndicho kinachosomwa kuwa habari.

Seli ikitakiwa kutunza biti moja, yatosha kutofautisha viwango viwili tu vya chaji: ipo au haipo. Zikitakiwa biti mbili, viwango huwa vinne. Biti tatu, viwango vinane. Na biti nne, viwango kumi na sita. Kwa jumla, biti n huhitaji viwango 2 kwa kipeo n. Aina hizi nne huitwa, kwa mfuatano, SLC, MLC, TLC na QLC. Kadiri viwango vinavyoongezeka ndivyo nafasi kati ya kiwango kimoja na kingine inavyozidi kuwa finyu, na ndivyo kosa dogo la chaji linavyoweza kuligeuza neno.

Lakini kila elektroni zinapolazimishwa kupenya, kihami huumia kidogo. Baada ya kuandikwa na kufutwa mara nyingi, kihami huanza kuvuja. Kwa makadirio ya kawaida, seli ya SLC huvumilia mizunguko ipatayo 100,000 ya kuandika na kufuta. Ya MLC, kati ya 3,000 na 10,000. Ya TLC, kati ya 1,000 na 3,000. Na ya QLC, kama 1,000 hivi. Kwa hiyo SSD, tofauti na daftari la karatasi, ina idadi maalumu ya maandishi ambayo imezaliwa nayo.

UBAO UNAOFUTWA WOTE KWA MARA MOJA

Lipo jambo jingine linalofupisha uhai huo. Seli za NAND hupangwa katika kurasa, na kurasa nyingi hufanya kitalu kimoja. Diski huweza kuandika ukurasa mmoja mmoja, lakini haiwezi kufuta ukurasa mmoja peke yake. Hufuta kitalu kizima. Wala haiwezi kuandika juu ya ukurasa ulioandikwa kabla ya kuufuta.

Hali hiyo yaweza kulinganishwa na mwalimu mwenye mbao kadhaa, ambazo kila mmoja hufutwa wote kwa mara moja. Akitaka kusahihisha sentensi moja, huiandika upya kwenye nafasi iliyo wazi ya ubao mwingine, na ile ya zamani huipiga mstari. Siku nafasi zinapokwisha, humlazimu kuchagua ubao wenye mistari mingi, kunakili kwingineko sentensi ambazo bado zinafaa, ndipo aufute. Mwanafunzi ameona sentensi moja ikisahihishwa, kumbe chaki imeandika sentensi kumi. Na kila ubao unapofutwa, rangi yake huchubuka.

Ndani ya SSD kazi ya mwalimu huyo hufanywa na kidhibiti, yaani kompyuta ndogo iliyomo katika diski yenyewe. Kidhibiti hutunza ramani inayoonyesha kila habari iko ukurasa gani, na husambaza maandishi ili vitalu vyote vichakae kwa usawa. Uwiano kati ya kiasi kilichoandikwa kweli katika seli na kiasi kilichotumwa na seva ni kipimo muhimu. Seva ikituma gigabaiti 100, na seli zikaandikwa gigabaiti 300, uwiano ni 3, na diski inachakaa mara tatu ya ilivyodhaniwa.

Uwiano huo hupanda pale seva inapoandika vipande vidogo vidogo huku na huko, kama kanzidata zifanyavyo, na pale diski inapokuwa imejaa. Ndiyo sababu diski za seva huachiwa akiba ya nafasi ambayo mtumiaji haioni. Kwa mfano, kifaa chenye kumbukumbu ya gigabaiti 1,024 kinaweza kuuzwa kama cha gigabaiti 960. Mwenye kutaka gigabaiti zote kwa bei ile ile atadhani amepunjwa, ilhali nafasi hiyo iliyofichwa ndiyo inayorefusha maisha ya diski.

KUPIMA UHAI WA KUANDIKA

Watengenezaji hueleza uhai wa diski kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni TBW, yaani jumla ya terabaiti zinazoweza kuandikwa. Cha pili ni DWPD, yaani mara ngapi diski nzima yaweza kujazwa kila siku katika muda wote wa dhamana, ambao mara nyingi ni miaka 5. Uhusiano wake ni huu:

TBW = DWPD × ukubwa wa diski kwa terabaiti × 365 × miaka ya dhamana

Sokoni diski za seva hugawanyika katika makundi matatu. Zile za kusomwa zaidi huwa na DWPD isiyozidi 1 hivi. Za kazi mchanganyiko huwa na 3 hivi. Na za kuandikwa mfululizo hufikia 10. Bei hupanda kwa mpangilio huo huo.

Ichukuliwe kwamba seva ya hospitali moja huandika gigabaiti 300 kila siku, zikiwa ni kanzidata ya wagonjwa, orodha ya matukio na nakala za usiku. Kwa miaka 5 jumla yake ni 0.3 × 365 × 5, sawa na terabaiti 547.5. Mbele ya mnunuzi ziko diski mbili. Ya kwanza ni ya kompyuta za nyumbani, terabaiti 1, yenye TBW ya 600. Ya pili ni ya seva, gigabaiti 960, yenye DWPD ya 1. TBW yake ni 0.96 × 1 × 365 × 5, sawa na terabaiti 1,752.

Kwa hesabu hiyo ya haraka diski ya nyumbani inatosha, na ni rahisi zaidi. Lakini hesabu haijakwisha. Viwango vya JEDEC, chama kinachoweka vipimo vya vifaa vya elektroniki, vilivyotolewa mwaka 2010, hupima diski hizo mbili kwa masharti tofauti. Diski ya nyumbani hupimwa kwa kazi za nyumbani, saa 8 kwa siku, katika joto la nyuzi 40 za Selsiasi. Diski ya seva hupimwa kwa kazi za seva, saa 24 kwa siku, katika nyuzi 55. Endapo maandishi madogo madogo ya kanzidata yataongeza uchakavu mara mbili tu, mahitaji yatakuwa sawa na terabaiti 1,095. Hapo diski ya kwanza itachakaa kabla ya mwaka wa tatu kwisha, na ya pili itamaliza miaka 5 ikiwa na akiba.

Viwango hivyo hivyo vina sharti jingine linalowashangaza wengi. Diski ya nyumbani iliyotumia uhai wake wote hutakiwa kutunza habari kwa mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi 30. Diski ya seva hutakiwa kuzitunza kwa miezi 3 tu katika nyuzi 40. Diski ya seva imeundwa ifanye kazi, si iwekwe sandukuni. Aliyeitoa katika seva baada ya miaka ya kazi na kuifungia kabatini, akidhani ameweka nakala ya akiba, amejidanganya, hasa katika miji yenye joto la pwani.

UMEME UNAPOKATIKA

Sehemu hii ndiyo kiini cha somo. Kuandika katika seli za flashi huchukua muda mrefu kuliko kusoma. Ili isiichelewesha seva, SSD hupokea habari kwanza katika kumbukumbu ya muda, ambayo hupoteza kila kitu umeme ukizimika, kisha huzipeleka katika seli polepole. Mara nyingi ramani ya kidhibiti nayo huwa katika kumbukumbu hiyo ya muda.

Kanzidata haikubali kuacha mambo hivyo. Baada ya kuandika habari muhimu, hutoa amri kwa diski ihakikishe kwamba kila kitu kimefika katika seli, nayo hungoja jibu. Diski isiyo na kinga ina njia mbili. Yaweza kutii amri kwa kweli, na hapo kasi yake hushuka sana. Au yaweza kujibu kwamba imeandika kabla ya kuandika. Njia ya pili ni sawa na karani wa bohari anayegonga muhuri wa "imepokelewa" wakati daftari bado halijafunguliwa. Siku zote mambo huonekana sawa, mpaka siku umeme unapokatika.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na maabara za HP nchini Marekani walitangaza majaribio waliyoyafanya kwa SSD 15 za watengenezaji watano. Walizikatia umeme zikiwa kazini, kwa jumla zaidi ya mara 3,000. Diski 13 kati ya 15 zilionyesha makosa: biti zilizogeuka, maandishi yaliyokatika katikati, maandishi yaliyopoteza mfuatano wake, ramani zilizoharibika, na hata kufa kabisa kwa kifaa.

Kinga ya balaa hiyo ni kapasita zinazofungwa ndani ya diski. Umeme wa nje unapozimika, chaji yake huendesha diski kwa muda mfupi wa kutosha kumaliza kuandika. Mwanafunzi wa fizikia aweza kukadiria muda huo. Nishati ya kapasita ni nusu ya C × V × V. Ikiwa C ni faradi 0.001 na V ni volti 30, nishati ni jouli 0.45. Diski inayotumia wati 10 itaishi kwa sekunde 0.045. Ikiwa yaandika megabaiti 1,000 kwa sekunde, itaokoa megabaiti 45. Hesabu hii imeachia mbali upotevu wa nishati, lakini inaonyesha kwamba kinga hiyo yawezekana kwa vipuli vya bei ndogo.

Kinga hii ina faida ya pili. Diski yenye kapasita yaweza kujibu upesi kwamba habari imeandikwa, wala jibu lake si uongo, kwa kuwa hata umeme ukikatika papo hapo kazi itakamilika. Hivyo, katika kazi za kanzidata, diski yenye kinga mara nyingi huishinda mbali diski ya nyumbani ambayo kasha lake limetangaza kasi kubwa zaidi.

Wapo wasemao kwamba betri ya dharura nje ya seva yatosha. Betri hiyo ni ya lazima, lakini haichukui nafasi ya kapasita. Betri huzeeka, waya huchomolewa kwa bahati mbaya, na hata kifaa kinachogawa umeme ndani ya seva huungua.

KASI NA NJIA YA KUUNGANISHA

Diski ya kuzunguka mara 7,200 kwa dakika hufanya mizunguko 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.33, na kwa wastani habari husubiriwa nusu ya mzunguko, yaani milisekunde 4.17, mbali na muda wa kusogeza mkono wa kusomea. SSD husoma kwa muda ulio karibu na milisekunde 0.1. Kwa hiyo takriban SSD yoyote ni ya haraka ikilinganishwa na diski ya zamani.

Njia za kuiunganisha na seva ni tatu. SATA hupitisha megabaiti zisizozidi 600 kwa sekunde, na kupitia utaratibu wake wa kawaida wa AHCI hupokea foleni moja ya amri 32. SAS ni ya kasi zaidi na imezoeleka katika seva. NVMe, iliyotolewa mwaka 2011, huweza kuwa na foleni zaidi ya 65,000, na kwa njia nne za PCIe za kizazi cha nne hupitisha karibu gigabaiti 8 kwa sekunde. Mnunuzi na atazame kwanza seva yake ina nafasi za aina gani. Aidha, asiongozwe na kasi ya juu kabisa iliyotangazwa, bali aulize kasi inayodumu baada ya saa nyingi za kuandika mfululizo.

DISKI ZINAZOKUFA PAMOJA

Kwa desturi seva huwekewa diski pacha zinazoandika habari ile ile, ili moja ikifa nyingine iendelee. Busara hiyo husimama juu ya dhana kwamba diski mbili hazifi saa moja. Mwezi Novemba 2019 kampuni ya HPE iliwatangazia wateja wake kwamba baadhi ya SSD zake za SAS zilikuwa na kosa katika programu ya ndani: zingekufa zikitimiza saa 32,768 za kuwaka, na habari zake zisingeweza kurudishwa. Dawa ilikuwa kubadilisha programu hiyo kabla ya saa kutimia.

Namba 32,768 inastahili kutazamwa na wanafunzi wa hisabati. Ni 2 kwa kipeo 15, na ni namba ya kwanza isiyoweza kutoshea katika kihesabio cha biti 16 chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kwa siku ni 1,365 na saa 8, sawa na miaka 3, siku 270 na saa 8. Ni dhahiri kwamba diski pacha zilizowashwa asubuhi moja zingekufa karibu kwa saa moja. Upacha haungesaidia kitu. Kilichobaki ni nakala ya akiba iliyo nje ya seva.

Funzo la pili lilitoka mwaka 2016, wakati Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto, pamoja na wahandisi wa Google, walipotangaza uchunguzi wa SSD zilizotumika katika seva za Google kwa miaka 6. Iligundulika kwamba katika miaka 4 ya kwanza, kati ya asilimia 20 na 63 ya diski, kutegemea aina, zilipata angalau kosa moja lisilosahihishika. Tena, diski ghali za SLC hazikuonekana kuwa imara kuliko za MLC. SSD ilibadilishwa mara chache kuliko diski ya kuzunguka, lakini ilikuwa na makosa mengi zaidi ya aina hiyo. Kwa hiyo bei kubwa si badala ya nakala ya akiba.

UTARATIBU WA KUCHAGUA

Kutokana na maelezo hayo, mnunuzi anashauriwa kufuata hatua hizi:

1. Apime kabla ya kununua. Diski nyingi hutunza kihesabio cha jumla ya maandishi. Kisomwe leo, kisomwe tena baada ya siku 7, na tofauti igawanywe kwa 7.

2. Akokotoe TBW ya miaka anayokusudia, aizidishe kwa 2 iwe tahadhari, kisha achague kundi linalotosha. Kununua DWPD ya 10 kwa kazi ya 0.3 ni kupoteza fedha.

3. Ahakikishe katika maelezo ya mtengenezaji kwamba diski ina kinga ya kukatika kwa umeme inayolinda habari zilizo njiani, si zile zilizokwisha kuandikwa tu. Seva ya kanzidata isinunuliwe diski isiyo na kinga hiyo.

4. Alinganishe njia ya kuunganisha na seva aliyo nayo.

5. Asiweke diski pacha zenye umri mmoja na programu moja ikiwa aweza kuepuka, na afuatilie matangazo ya watengenezaji.

6. Aweke nakala ya akiba nje ya seva, na ajaribu kuirudisha kabla ya siku ya msiba.

HITIMISHO

SSD ya seva na ya nyumbani zaweza kufanana kwa umbo, kwa ukubwa, na hata kwa aina ya seli. Kinachozitofautisha ni ahadi zinazoweza kutimizwa: kwamba itavumilia maandishi iliyopangiwa, na kwamba ikisema habari imeandikwa, basi imeandikwa. Daftari zuri ni lile ambalo neno lake linaaminika hata taa zikizimika.

MASWALI

1. Diski ya terabaiti 1.92 ina DWPD ya 3 na dhamana ya miaka 5. Tafuta TBW yake.

2. Seli yenye biti tano ingehitaji viwango vingapi vya chaji? Eleza kwa nini uhai wake ungekuwa mfupi.

3. Kapasita za diski zina jumla ya faradi 0.002 kwa volti 25. Diski hutumia wati 12. Itaendelea kuishi kwa muda gani umeme ukikatika?

4. Eleza kwa nini diski pacha si sawa na nakala ya akiba.